Nilimwambia Abaki na Mke Mmoja, Akamtoa Editha na Watoto

Mpendwa mshauri Bi Demetria, shikamoo. Naomba msaada wako na nakuomba usinitaje jina, kwa sababu haya ninayokuandikia sijamweleza mtu yeyote, hata mama yangu niliyeongea naye kwa video saa moja iliyopita sikumwambia, nilicheka tu nikamwonyesha mashati niliyoanika.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini, kwetu ni Bukoba, nipo Dar kwa miaka miwili kama mmisionari wa kanisa ambalo watu mtaani huliita la Wamormoni, bila shaka umeshatuona, vijana wawili wawili, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, tunatembea kwa miguu na jua la Chamazi kichwani. Kwenye beji jina langu linatanguliwa na neno Mzee, ndivyo tunavyoitwa sote hata kama ndevu hazijaota, watu hutucheka mwanzoni halafu wakizoea wanatuita hivyo kweli. Wiki yetu ina mpangilio, Jumatatu ni siku ya kufua, kwenda sokoni na kupiga simu nyumbani, Jumanne hadi Jumamosi tunafundisha watu majumbani na kusaidia kazi yoyote tutakayopewa, kuchota maji, kufyeka, kubeba matofali, Jumapili ni kanisani, na popote niendapo lazima niwe na mwenzangu, Mzee Brightson, Mkenya wa Eldoret, hatuachani hata dukani.

Mwezi wa kumi tuliipata familia ya Marselino, mchonga vinyago, Mmakonde, ana nyumba kubwa yenye ua uliojaa magogo ya mpingo na ana wake wawili ndani ya ua huohuo. Mkubwa ni mama Apolonia na mdogo ni Editha mwenye watoto wawili, na wanaishi vizuri, wanapika chungu kimoja, watoto wa huyu wanalala kwa yule, mpaka mwezi mzima ukapita sijajua yupi ni wa nani. Editha ndiye aliyetufungulia geti siku ya kwanza, ndiye aliyekuwa anasoma kitabu tulichowaachia na kutubana kwa maswali, na ndiye aliyetangulia kusema anataka kubatizwa. Wiki iliyopita, kama huduma yetu ya Krismasi, tulianza kuwapakia chokaa vyumba vyao, na tulianza na cha Editha.

Marselino naye akasema anataka kubatizwa kabla ya Krismasi, tukapanga Jumamosi hii ya mkesha, mimi ndiye nitakayeingia naye majini. Jumanne wakati tunapaka akaniuliza, "Sasa Mzee, mie na wake wawili inakuwaje?" Bi Demetria, nilijua nilichotakiwa kufanya. Tumefundishwa kwamba nyumba ya namna hiyo si ya sisi vijana kuitolea neno, tunatakiwa kumpigia rais wa misheni, yule kiongozi wetu mkubwa, naye hukaa na familia nzima, na jambo linaweza kuchukua miezi. Mimi sikutaka miezi. Hii ni Krismasi yangu ya kwanza mbali na nyumbani, tangu nifike sijabatiza mtu hata mmoja, na nilikuwa nimeshajiona nikimpigia mama siku ya Krismasi na kumpa habari hiyo. Nikamjibu, "Baki na mmoja, bwana, kabla ya Jumamosi ya ubatizo." Nilisema hivyo nimeshika brashi ya chokaa, wala sikukaa chini.

Juzi Jumamosi tukaenda kumalizia kupaka, Marselino akatupokea getini anacheka.

"Karibuni wazee! Ile ishu nishaimaliza."

"Ishu gani?"

"Ya Editha. Si ulisema mmoja? Nimempakia kwenye bajaji jana, yeye na wanawe na godoro lao, kaenda kwa dada'ake Kimara, hata simu hatujampigia huyo dada. Mie niko safi, tukutane kwenye maji."

Nilidhani ni utani, nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka. Kisha nikaenda hadi chumba cha Editha. Chokaa ilikuwa bado inanukia, na ndani mlikuwa na magogo ya mpingo yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Mama Apolonia alikuwa barazani anachambua mchele, nikamwamkia shikamoo, hakuitikia, nikarudia, hakuitikia. Baadaye akainua macho. "Yule tumekaa naye humu ndani miaka tisa. Mtoto wake wa pili nimempokea mie kwa mikono hii. Nani alikutuma, we mtoto?" Tangu nifike Dar hakuna aliyewahi kuniita mtoto.

Jana baada ya ibada Editha akapiga simu. Niliweka sauti kubwa kwa sababu mwenzangu anatakiwa asikie. Hakutukana wala hakulia. Alisema tu, "Mzee, wanangu wananiuliza kama Krismasi tutakuwa nyumbani. Wewe ndo ulosema, basi nambie niwajibu nini." Salio lake likaisha, simu ikakatika nikiwa bado nimeishika. Mzee Brightson akaniambia, "Wachana nayo. Huyo jamaa ameamua mwenyewe. Ukimpigia rais saa hii tutahamishwa kabla ya Krismasi, na huyo mama bado hatarudi." Na Kimara iko nje ya eneo letu, haturuhusiwi kuvuka bila ruhusa, wala hatuingii peke yetu kwenye nyumba ya mwanamke.

Sijala vizuri tangu Jumamosi. Nimbatize, kwa kuwa ameshatimiza nilichomwambia? Nisipombatiza, si nitakuwa nimeivunja nyumba ya watu bure? Nisaidie, nimechanganyikiwa.

Mzee kwa Beji tu, Chamazi

BI DEMETRIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mzee siwezi kukuita, nina watoto waliokuzidi umri. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimekaa na mara ya pili nimesimama, na nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu Jumamosi haisubiri zamu.

Nianze na hilo neno lako "bure". Lilinitoa jasho! Unataka kusema ukimwingiza Marselino majini, basi Editha atakuwa ametolewa kwa faida? Faida ya nani? Rudia kusoma barua yako mwenyewe uone ulivyoandika: ulitaka habari ya kumpa mama yako siku ya Krismasi. Kwa ajili ya simu hiyo ukaruka ngazi uliyofundishwa uipande, ukatoa hukumu ya ndoa ya watu umeshika brashi. Beji ilisema Mzee, nawe ukaiamini.

Hata hivyo nakuonea huruma, kwa sababu ungekuwa na roho mbaya usingeniandikia, na kwa sababu mzigo huu hukuubeba peke yako. Marselino ana zaidi ya miaka yako maradufu, nadhani. Mwanaume anayeweza kumtoa mama wa wanawe ndani ya siku tatu, halafu akageuza chumba chake stoo ya magogo huku akicheka, huyo alikuwa na lake moyoni kabla hamjagonga geti. Wewe ulimpa sababu yenye harufu ya kanisa. Ndiyo maana alifurahi. Aliuliza swali moja tu, akakimbilia jibu lililompendeza, wala hakumshirikisha mama Apolonia, ambaye kwa maelezo yako ndiye mtu mwenye akili kuliko wote katika ua ule.

Na kuna mtu hukumuuliza kitu. Editha alitangulia kuomba ubatizo. Ulipomwambia mumewe abaki na mmoja, ulifikiri yeye angekwenda wapi na ombi lake? Sioni mahali popote ulipolifikiria.

Sasa nisikilize. Ukimaliza kusoma hapa, mpigie rais wako wa misheni. Usimtumie ujumbe, mpigie, umweleze yote, hata lile la kutaka sifa kwa mama. Mwenzako anaogopa kuhamishwa. Mwambie ahamishwe kwa amani, Krismasi ipo kila wilaya. Mwombe rais aisimamishe Jumamosi. Kama yeye na wakubwa zake, baada ya kukaa na familia ile, wataona la kufanya, ni kazi yao, si yako.

Kisha nenda kwa Marselino, mbele ya mama Apolonia, useme wazi kwamba ulitamka kitu ambacho hukuwa na mamlaka ya kukitamka, na kwamba Jumamosi hakuna maji. Atakasirika. Muache akasirike. Lakini usimwamuru amrudishe Editha! Utakuwa unarudia kosa lilelile kwa upande wa pili. Waketi wao watatu na ndugu zao. Kumbuka tu kumwambia kwamba watoto ni wake popote wanapolala, na asipowatunza, Editha ana haki ya kwenda ofisi ya ustawi wa jamii, na mimi nitamwelekeza mlango.

Kwa Editha, omba ruhusa ya kuvuka kwenda Kimara ukiwa na mke na mume wa kanisani kwenu, watu wazima wanaojua kukaa kimya. Usibebe kitabu. Usianze kwa sala. Mwambie, "Nilikosea, na kosa langu limekutoa kwako." Akikufungia mlango, sema hayohayo nje ya mlango. Swali la watoto wake usilijibu kwa matumaini usiyokuwa nayo. Mwambie hujui, na mwambie umeshamwita nani. Na usitegemee akusamehe kabla ya sikukuu ili nawe ule pilau kwa raha. Atasamehe siku yake, au asisamehe.

Najua unachoogopa zaidi ya vyote: kwamba watakurudisha nyumbani kabla ya miaka miwili kuisha, na Bukoba nzima itauliza kwa nini. Huenda ikawa. Basi panda basi, mwanangu, urudi. Wewe utaagwa kwa sala, utapewa tiketi, na mama yako atakuwa stendi anakusubiri kabla hujafika. Editha alishushwa Kimara na godoro na watoto wawili, mbele ya mlango wa dada ambaye hakuna aliyekuwa amempigia kumwambia kwamba anakuja.