Mkanda Uache Ulie

Kaka Odyek,

Salamu kutoka Mbuya. Sisi wazima, ila mwanangu Aol aling'oka jino la mbele Alhamisi.

Kesho shemeji yako atakuletea Landrova yake gereji. Breki zimelika, badilisha zote, maana simtakii kifo. Lakini ule mkanda wa injini unaopiga kelele usiuguse, nakuomba. Mwambie umezunguka maduka yote ya spea Kisenyi, umekosa saizi yake.

Mkanda ukianza kulia kule chini ya kilima, Aol humshika mdogo wake mkono, wakapitia mlango wa jikoni kwenda kwa jirani. Mimi hubaki kumfungulia mume wangu geti.

Karatasi hii jifutie grisi, kisha uichome.

Alhamisi alirudi na gari la kazini. Hilo halilii.

Dada yako,
Alum