Nyonga za Kununua Dukani

S.L.P. 87,
Malindi.
27 Mei 1986

Mpendwa shangazi Nyevu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Idah na watoto, na kwamba baridi ya Nakuru imekiachia kile kifua chako. Sisi hatujambo. Mguu wa baba umepona, ila asubuhi humsumbua kidogo. Mvua ya huku Ganda imekuwa nzuri, mahindi yamefika magotini.

Jambo jipya ni langu. Kama ujuavyo, nasomea biashara ya mavazi: kuchagua nguo za kuuza, kuzipanga na kumvutia mnunuzi. Kabla ya cheti, kila mwanafunzi hukaa dukani miezi mitatu, na mwenye duka huandika ripoti. Mimi niko kwa Bwana Mwaura, karibu na soko la Malindi. Mwezi wa kwanza nilikunja mashati tu. Nilipomwomba kazi nyingine alinipa dirisha la kioo lenye sanamu ya mwanamke, nilipange nipendavyo. Mwalimu wetu, Bi Zipporah, atakuja kukagua Ijumaa tarehe 20 Juni. Dirisha lisipouza kitu, ripoti itasema najua kukunja, na kwa ripoti hiyo sitapewa cheti.

Nilichagua kitambaa cha bafta nyeupe cha kushonea hando, lile vazi la marinda la bibi zetu, linalofungwa kiunoni. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiandika kwenye shajara kila aliyeingia na alichoulizia. Akina mama wa Ganda na Gongoni waliulizia bafta kuliko kitu kingine, wakaishika, wakaenda zao. Nikataka kujua kwa nini.

Tarehe 16 aliingia bibi mmoja wa kwetu, Bi Kahonzi. Nikatoa utepe nimpime nyonga, kama tulivyofundishwa: mwili kwanza, kitambaa baadaye. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Wanipimia nini, mwanangu? Mimi nyonga sina. Nyonga ndizo nilizozijia."

Maneno hayo niliyaandika siku ileile na bado nayasoma. Chuoni hakuna aliyetuambia kuwa nguo yaweza kumpa mtu mwili. Nikamuuliza rinda la hando huwa pana kiasi gani. Akasema kipimo ni shubiri ya mkono wa mshonaji, na mshonaji wao alifariki mwaka jana. Ndiyo sababu wanashika bafta na kuiacha. Kisha akauliza mimi ni wa nani. Nikamwambia, wa Lewa.

"Nyevu ni shangazi yako, nawe waniuliza mimi? Nitarudi ukishajua."

Shangazi, sikujua. Mimi nakujua kwa sweta zako na kwaya. Nilimuuliza baba, akasema, "Muulize mwenyewe." Mama ndiye aliyeniambia kwamba uliwashonea mahando nusu ya wanawake wa Ganda, na kwamba siku uliyopanda basi la Nakuru uliliacha hando lako msumarini. Mchwa walilimaliza, la sivyo ningelifumua nione.

Nimejaribu kwa shubiri yangu. Tarehe 23 nilimvika sanamu hando nililoshona. Bwana Mwaura alisimama nje akaangalia, kisha akaingia polepole.

"Kadzo, huyu mgonjwa ametoroka wodi gani?"

Tulicheka sote, lakini alisema kweli. Marinda yalilala.

Ndani ya bahasha mna uzi mwekundu. Tafadhali utandaze mezani, upime kwa mkono wako, ufunge fundo pale kila rinda linapoanza, uurudishe mapema. Usiniandikie inchi, inchi ninazo.

Na kama si utovu wa adabu, niambie pia kwa nini uliliacha hando lako. Hilo si la ripoti. Ukitaka, hata kwenye shajara sitaliandika.

Msalimie Baba Idah, na Idah mwenyewe, umwambie picha yake ya shule tumeiweka juu ya redio. Kombe, ndugu yangu, anakuamkia. Mama asema amekuwekea mihogo shambani, uje uing'oe mwenyewe. Mungu akulinde na akuongezee siku.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye,

Kadzo Lewa

Tanbihi: Nyuma ya karatasi hii nimeuchora mkono wangu, vidole vimekunjuka. Weka wako juu yake, uone kama tumelingana.