Hodi ya Tatu

Mambrui, 4 Juni 2024

Mwanangu Shahida,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila goti langu la kulia bado lina kesi na mimi. Nimempa Faki wa tuktuk barua hii kwa kuwa simu yako haipatikani. Jumapili nilikuja Watamu na mkate wa sinia. Nilipiga hodi mara tatu, kama tulivyofunzwa. Viatu vyako vilikuwa mlangoni, na nilikusikia ukikohoa. Hodi ya tatu isipojibiwa mtu hurudi alikotoka, nami nikarudi. Mgeni asiyejulikana hujibiwa, seuze mama? Nimeumia.

Mamako

Watamu, 9 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo. Jumapili nilikuwa kazini hotelini. Viatu ni vya jirani, na simu imeharibika. Usinikasirikie, mama.

Mwanao

Mambrui, 12 Juni

Shahida,

Goti ni lile lile. Shikamoo yako nimeiona, ila kuiitikia sijaiitikia. Kikohozi cha mwanangu nakijua tangu nikimbeba mgongoni.

Mama

Watamu, 30 Juni

Mama,

Shikamoo, hata usipoitikia.

Nilikuwa ndani. Hoteli ilitupunguza tangu Aprili, na simu nimeiuza. Siku ile hamkuwa na hata sukari ya chai humu. Ningekukaribisha kwa kitu gani? Wewe mwenyewe ulinifunza kwamba ukisema karibu, mkono usiwe mtupu. Nilisimama nyuma ya mlango nimejiziba mdomo, nikakusikia ukiondoka kwa kuchechemea. Nililia sana, mama. Niliona haya.

Mwanao

Mambrui, 2 Julai

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Na ile ya tarehe tisa pia, marahaba.

Huo mkono usiwe mtupu ni wa wageni. Mimi nilikuwa mgeni wako lini? Miezi yote hiyo unalala njaa, nami huku nanuna kwa ajili ya mkate wa sinia! Ijumaa baada ya swala Faki ananileta. Nakuja na mchele, nazi na sukari. Usihangaike na chochote, wewe itika tu.

Mama yako

Watamu, 4 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Faki amesimama hapa anangoja, kwa hiyo sina mengi. Nimefagia, na maji ya kunywa yapo mtungini. Kesho mlango utaukuta wazi, lakini zile hodi zako tatu bado ni deni langu. Yapokee majibu yake kabla hujatoka nyumbani.

Karibu, mama.

Karibu.

Karibu.

Mwanao, Shahida