Plau Imepinda

Jumatano usiku

Shemeji Kassim simtaki tena kwenye gari langu lenye plau ya kusukumia theluji. Nilimwambia mapema, tulipoingia kusafisha maegesho ya duka kule Roseville: "Shemeji, nenda polepole. Ukikaribia ukingo wa saruji inua plau, theluji imeuficha."

"Wewe hunifundishi mimi kuendesha gari."

Akakanyaga mafuta. Tukaugonga ukingo kwa kishindo, mkanda ukanikaba shingo. Plau ikapinda, oili ikamwagika juu ya theluji. Naye anacheka: "Chuma tu hicho!"

Nikamnyang'anya ufunguo, nikaifunga plau kwa mnyororo isiburuzike, nikaondoka na gari, nikamwacha palepale kwenye baridi.

Mume wangu kamfuata. Ati nimemdhalilisha ndugu yake!

Sasa wako sebuleni wote wawili, wanakunywa chai niliyoipika mimi. Nje theluji imeanza tena, na plau sina.