Nilisema Kaa, Mkwe Akakaa

Keko, Juni 1954

Bibi Mshauri, nakusalimu sana, na kama una dawa ya aibu naomba unisaidie, kwa sababu mie Jabiri, seremala wa hapa Keko, nimemposa Hamisa binti Marijani, na posa ilipokelewa vizuri hata Idi pili nikaalikwa twende wote ufukweni Mbwamaji na kamera yangu ya kasha, nimpige babake, mzee Marijani, picha yenye bahari nyuma yake ampelekee nduguye Tanga, lakini tulipofika nikaona mawimbi yanapasuka mwambani, nikapiga, nikaona korongo kasimama kwa mguu mmoja, nikapiga, mpaka filamu ikabaki picha moja tu, ndipo nikamsimamisha mzee, kanzu imepigwa pasi, mkongojo mkononi, katulia kabisa, na nyuma ya visigino vyake akatoka kaa mwekundu, magando ya rangi ya chungwa yenye ncha nyeupe, macho kayainua juu, sijapata kuona kaa mzuri vile, nikapiga ukelele, "Kaa! Mzee, kaa!" na mzee, akijua ndivyo wapiga picha wanavyoamrisha watu, akakaa.

Alimkalia. Akaruka na yowe, kofia ikaenda na maji, kidole changu kikabonyeza chenyewe, kisha nikamkimbilia kaa maana alikuwa anaingia shimoni. Hamisa kaniambia, "Mwoe huyo kaa wako." Mshenga wangu alipokwenda kuuliza majibu, mzee alimwambia maneno mawili tu: "Posa ikae." Sasa picha imesafishwa, imetoka vizuri ajabu, kaa anaonekana ananing'inia kwenye kanzu. Je, nimpelekee mzee aamini kwamba kaa alikuwapo na sikumdhihaki? Nampenda Hamisa, sili, silali.

*

Jabiri mwanangu, nimecheka mpaka nikavua miwani, kisha nikaisoma barua yako tena, hasira zikanipanda.

Kwa lile neno atakusamehe, hata mie ningekaa. Lakini tazama ulichoandika mwenyewe: mkwe anapiga yowe, nawe unamkimbilia nani? Kaa! Hukumshika mzee mkono, kofia hukuifuata. Tena huyo kaa umenieleza magando yake, ncha zake na macho yake, ila Hamisa hujanitajia hata kanga aliyovaa siku ile. Unaikumbuka? Ndiyo maana kakwambia umwoe kaa. Huo ni wivu, mjinga wewe, na msichana aliyekuchoka hamwonei kaa wivu. Shukuru.

Picha iwe ushahidi wa nini? Mzee ndiye aliyebanwa, anajua kuliko wewe kwamba kaa alikuwapo. Mkabidhi picha pamoja na filamu yake, azichane au azichome apendavyo, na usithubutu kuwaonyesha mafundi wenzio. Nunua kofia nzuri ya viua. Kipimo muulize Hamisa, upate na sababu ya kusema naye. Filamu ijayo, wa kwanza mzee, wa pili Hamisa. Korongo atangoja, ana mguu wa akiba.

Nenda kesho, kamera iache nyumbani. Piga shikamoo, usimame hapo mlangoni mpaka mzee akuseme amalize. Akikwambia "kaa", basi posa imepona. Usichungulie chini. Hata kama kaa mwenyewe yupo, kaa.