Molasi Tangini, Samaki Bwawani

Jumatatu, 6 Machi
Zamu ya asubuhi. Nimesafisha chujio, nimewasha mapanga ya hewa, nimepima. Amonia hakuna. Naitreti bado nyingi. Kichupa cha kuipima kimegeuka pinki kama wiki iliyopita. Maji taka ya mji mzima yanatoka kwetu maangavu, lakini ni mbolea tupu. Huko chini, yanakoishia, bwawa la samaki la mama mkwe limekuwa kijani tena kwa mwani. Kukipambazuka samaki wanakosa pumzi.

Mama mkwe haongei nami uso kwa uso. Heshima ya ukwe. Humtuma Rosa, mke wangu. Leo: "Mwambie huyo Baba Muhonja wako, wakifa tena nafukia hilo bwawa nipande nduma." Alilichimba na marehemu mumewe. Nimeona aibu.

Jumatano, 8 Machi
Nimerudia kitabu cha mafunzo. Wapo vijidudu ambao wakinyimwa hewa hupumua naitreti, wakaitoa kama gesi. Lakini lazima wale kitu. Maji yetu yakifika tangi la mwisho hayana chakula tena.

Jioni viatu vimenasa barabarani. Kiwanda cha sukari kimemwaga molasi kutuliza vumbi. Miwa ni mingi mwaka huu hata molasi haina pa kwenda. Nikasimama palepale, nikacheka peke yangu: chakula cha vijidudu ndicho hiki.

Ijumaa, 10 Machi
Kiwandani wamenipa mapipa mawili bure. Bwana Wekesa, msimamizi wetu, kashika kiuno. "Sasa unapikia wadudu chang'aa?" Lakini amekubali. Tangi la mwisho tu, mpaka mwisho wa mwezi. Nimezima mapanga, nimemimina.

Jumanne, 14 Machi
Nimeharibu. Nilimimina nyingi mno. Pinki imeisha, ndiyo, lakini maji ni kahawia na yananuka. Nimefunga lango la kwenda bwawani, nimechelewa. Yamefika chini. Rosa kaleta ujumbe: "Muulize kama ananipikianga chai. Maziwa nayo italetwa lini?" Wekesa amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Samaki wote wamekufa.

Alhamisi, 16 Machi
Rosa anasema mama yake bado hajashika jembe. Anangoja. Basi nafanya haraka. Sasa molasi inadondoka kupitia bomba jembamba kwenye mfereji unaoingia tangi la mwisho. Baada ya tangi hilo lisilo na hewa, maji yanapigwa hewa kidogo ili utamu uliobaki uliwe kabla ya kutoka. Hakuna kinachotoka langoni mpaka nipime.

Jumatatu, 27 Machi
Vipovu! Tangi zima, vidogo vidogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Kichupa hakikugeuka rangi. Nikarudia. Hakikugeuka. Nikamwita Wekesa apime yeye. Akakishika juani, kisha: "Wamekunywa, wameshiba, wanacheua!" Tumeshikana mikono, tumeruka kama watoto. Nimefungua lango. Nyumbani nimechinja kuku, ingokho yenyewe. Furaha tele.

Jumapili, 9 Aprili
Bwawa limetulia, ukijani umepungua. Baada ya kanisa mama mkwe ameingiza vifaranga wapya wa samaki. Rosa amemsaidia. Mama mkwe kamtuma aniambie nisimsifu Mungu mapema. Namsifu hata hivyo.

Jumapili, 23 Aprili
Nimeamka mapema, nimeshuka bondeni kabla ya jua. Saa ambayo samaki walikuwa wakielea wamekufa. Hakuna hata mmoja aliyeelea. Viduara tu juu ya maji, hapa, pale. Mama mkwe alikuwa ng'ambo, anatupa mchwa kidogo kidogo, akiwaita samaki "wanangu". Nimevua kofia. Nikashika njia nyingine tusikutane, taratibu.