Bibi Anaitikia Kabla Hawajafika

Kasulu, Novemba 2015

Dada yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Ujumbe wako wa simu niliupata maharage ya masika yakiwa bado shambani. Nikausoma, nikaizima simu, nikaendelea kumnyonyesha Shukuru kana kwamba hukuniandikia kitu. Uliandika: "Mtoe Bibi kwa huyo mtoto. Mjomba atakuja kumchukua ampeleke Kibondo, ana chumba cha nyuma." Kwanza sikujibu kwa sababu ningejibu kwa hasira. Baadaye ulikuwa uchovu. Na mwisho, nikwambie kweli, sikujibu kwa sababu nilikuwa sijui nimwamini nani. Sasa najua kiasi. Na kwa kuwa maneno juu ya Bibi yamesemwa hadharani, kisimani na dukani, barua hii naiandika hadharani pia. Atakayeisoma na aisome.

Unakumbuka Bibi alivyotufundisha kusalimia baada ya mama kututoka? Magoti yainame, viganja vikutane taratibu, na usikimbilie kumaliza. Wewe ulikuwa unapiga makofi harakaharaka kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Bibi anakwambia, "Rudi nje, umeingia kama mbuzi." Unarudi nje na ndoo yako kichwani, unaingia upya, nami nacheka mpaka nafukuzwa na mimi. Alikuwa anasema kila mtu ana makofi yake, na kwamba hata akifumba macho anajua ni nani kaja.

Na Mama Goreti unamkumbuka. Yule Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila aliyekuwa akija kulima kwetu, halafu jioni anakaa na Bibi kufuma vikapu. Makofi yake yalikuwa mawili, kimya, kisha moja dogo, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua. Mwaka ule kambi ilipofungwa alikuja kuaga, wanarudishwa Burundi, ulikuwa bado hujaolewa. Ulilia wewe, nililia mimi. Bibi hakulia. Aliendelea kupukuchua maharage, Mama Goreti akaondoka, na tangu siku ile sikumsikia Bibi akilitaja jina lake.

Sasa nikueleze usiyoyaona huko Tabora.

Bibi hawezi tena kuacha mambo mengi ili ashike moja. Zamani akifuma, hata nyumba ingeungua angemaliza mstari kwanza. Siku hizi nikimwambia, "Bibi, niangalizie sufuria," anaiangalia, lakini papo hapo anamsikiliza kuku, pikipiki barabarani, watoto wa jirani wanagombania embe, redio, mvua iliyo mbali. Maharage yanaungua mbele ya macho yake. Nikigomba ananiuliza kwa upole, "Kwani uliniambia?" Na kweli hakumbuki.

Lakini asichokumbuka kimo humo ndani. Siku moja namfungia Shukuru kanga, Bibi anaimba tangazo la sabuni lote, mpaka pale msemaji anapocheka. Nikamwambia, "Kumbe unasikiliza redio." Akashangaa. "Redio gani? Hiyo mimi sijui hata inasema nini."

Kisha yakaja makofi. Unajua asubuhi za huku, ukungu umekaa mpaka kwenye migomba, huoni hata choo. Bibi yuko mlangoni na Shukuru mapajani. Uani hakuna mtu. Bibi anakunja mgongo, anapiga makofi ya mtu tunayemjua, anaitikia salamu ya asubuhi, "Mwakeye, mwakeye neza." Anauliza hali ya nyumbani. Ananyamaza kama anayejibiwa. Nami nasimama na mwiko mkononi. Halafu, baada ya muda ambao ungetosha kufunga mlango kama ningekuwa na akili, mtu anatokea kwenye ukungu. Ndiye yule yule aliyekwisha kusalimiwa.

Mwanzoni tulicheka. Mama Zaituni, mke wa mwenye duka hapo jirani, ndiye aliyecheka kuliko wote. "Bibi wewe ungekuwa mlinzi wa benki!" Mpaka asubuhi moja alipokuja kuazima ungo, Bibi akamwambia, "Mwakeye, nyote wawili." Mama Zaituni alikuwa peke yake. Alicheka kwa mdomo tu, akachukua ungo akaondoka. Alikuwa mjamzito, Dada, na alikuwa hajamwambia hata mumewe. Na ile mimba haikukaa.

Alikuja mlangoni kwetu amejifunga kanga kichwani, akalia. "Bibi yenu alimwona mwanangu kabla yangu. Kwa nini alimtazama?" Simlaumu. Mtu aliyepoteza mtoto anatafuta pa kuweka mikono yake. Lakini kuanzia hapo kisimani wakanipisha hata zamu isipokuwa yangu, na hilo halikuwa la heshima.

Nami niliogopa, nisikufiche. Siku kadhaa nilimfunga Shukuru mgongoni hata wakati wa kufua, ili asikae na Bibi. Bibi alinyoosha mikono, akaona mtoto haji, akairudisha mapajani.

Ndipo nikaamua kukaa naye mlangoni, nimefumba macho, napukuchua tu. Nilikaa hivyo asubuhi nyingi, na kwa muda mrefu sikusikia kitu. Halafu nikaanza kusikia ule ubao tulioweka juu ya mtaro, kule chini kwa Mama Zaituni. Kila anayepita unalia kivyake. Mwalimu unalia mara moja, kwa sababu anaruka. Mwuza mkaa unalia kama unavunjika. Na mbwa wa kule ana mtu anayembwekea na mtu anayemnyamazia. Bibi anayasikia hayo yote bila kujua anayasikia, na mikono yake inafanya hesabu yenyewe. Mama Zaituni wiki zile alikuwa akipita taratibu, anasimama katikati ya ubao, anatema mate mtaroni. Hata mimi ningekuwa nasikiliza ningejua.

Nilimweleza daktari siku nilipompeleka Shukuru chanjo, kijana aliyeletwa huku kutoka Kilimanjaro, hata "mwidiwe" ya mchana hajui kuiitikia. Akaniuliza, "Ukiwa sokoni unamsikia nani?"

"Ninayeongea naye."

"Na wengine?"

"Siwasikii."

"Unawasikia. Ubongo wako unawafukuza. Kufukuza ni kazi, na mtu akizeeka hiyo kazi inamchosha. Basi wote wanaingia, wanakaa. Ukimwuliza nani kaingia, hajui. Lakini wamo."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo si mchawi?"

"Angekuwa mchawi angejua maharage yanaungua." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Akianza kupotea njia ya nyumbani, mlete. Na jikoni usimwachie."

Nilirudi nimepona nusu. Nikamweleza Bibi, nikidhani atafurahi. Alinisikiliza, kisha akaangalia viganja vyake, hivi, kama vya mtu mwingine. "Mjukuu wangu, mimi sijui najuaje. Mikono inatangulia, mimi naikuta imeshapiga. Labda wanasema kweli. Labda ndivyo wachawi wanavyoanza." Dada, hapo ndipo niliposhika kichwa. Watu wakikusema mchawi unaweza kuhama. Ukijisema mwenyewe unahamia wapi?

Lile lililokufanya uniandikie lilikuwa mwishoni mwa masika. Ukungu ule ule. Bibi akapiga makofi mawili, akanyamaza, akapiga moja dogo. Mimi nilijua kabla hajafungua mdomo. Akasema, "Mama Goreti, mbona umesimama nje unalowa? Ingia." Shukuru alikuwa mapajani mwake, akageuza kichwa, akatazama pale pale Bibi alipokuwa anatazama, akanyoosha mkono. Pale palikuwa na ukungu tu. Ubao haukulia. Hakuja mtu asubuhi ile, wala mchana. Mama Zaituni alisikia ng'ambo ya ua akasema kwa sauti, "Sasa anaita waliokufa. Na mtoto amempakata!" Siku ile ile habari ikafika kwako, sijui kwa simu ya nani.

Miezi ikapita. Mabasi ya kuleta Warundi waliokimbia vurugu za kwao, kwenda kambi ya Nyarugusu, yakawa yanapita mpaka tukayazoea. Kiangazi, akaja msichana mmoja anauza unga wa mgao wa kambini. Akapiga makofi mawili, kimya, moja dogo. Niliangusha kikombe. Bibi hata hakushtuka. Akaitikia kama mtu aliyekuwa akimngoja.

"Amahoro," akasema yule msichana. "Mimi ni Inesi, wa Mama Goreti. Mama alisema nikifika Kasulu nitafute nyumba yenye ubao."

"Mama yuko wapi?"

"Tulipotezana njiani, kabla ya mpaka. Sijui."

Bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu alichokuwa akifuma, akasema, "Alipita."

Inesi alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Nikamwuliza, nikiwa natafuta pa kushika, kama aliwahi kuja huku kabla ya siku ile. Akasema ndiyo, alipofika mara ya kwanza. Alisimama kule kwenye migomba, akaona bibi na mtoto mlangoni wanamtazama, akaogopa akarudi. "Ulipiga makofi?" "Labda. Sikumbuki. Mikono yangu huwa inapiga yenyewe." Nikamwuliza ilikuwa lini, kulikuwa na ukungu? Hakuweza kunihakikishia.

Kwa hiyo, Dada, huenda alikuwa Inesi. Huenda pia ni redio, ambayo ilikuwa ikisema habari za Burundi kila siku na Bibi hajui inasema nini, pamoja na Kirundi kilichoanza kusikika tena sokoni, vikaungana humo ndani mwake vikatengeneza rafiki yake. Mimi nalala na hilo. Lakini Bibi bado anapiga yale makofi mara mojamoja, hata siku ambazo Inesi najua yuko sokoni. Anayesalimiwa simjui, na sitakudanganya kwamba namjua.

Kile kikapu Inesi alikigeuzageuza muda mrefu. Kifuniko kimechongoka juu kama cha kwao Burundi. Ubavuni ni mistari yetu ya Kiha, ila imekatika mahali ambapo haikatiki, na ndani yake kuna nyuzi za viroba vya msaada na sweta lako la zamani alilolifumua. Mtu akikiangalia macho yanatembea yenyewe. Inesi akasema, "Huu ni mkono wa mama. Lakini mama hajawahi kufuma hivi." Hakuna aliyewahi. Bibi akakasirika kidogo: "Mimi nafuma kama nilivyofundishwa." Anaamini hivyo kabisa. Yeye ndiye mtu pekee hapa asiyeona kwamba kikapu ni kipya.

Naandika haya Shukuru yuko mapajani mwake. Sasa hivi wamegeuza vichwa pamoja, yeye na Bibi, kuelekea mlangoni, kwa wakati mmoja, kama waliovutwa na uzi. Mimi nilikuwa nasikiliza kalamu yangu tu. Mtoto huyu bado hajajifunza kufukuza, na Bibi amechoka kufukuza, nami niko katikati yao, mwenye macho na masikio mazima, wa mwisho kujua nani anakuja. Alikuwa Mama Zaituni. Siku hizi hapiti kwenye ubao, anazunguka kwenye matope ili asisikike. Bibi amemwitikia, "Mwakeye, wewe unayepita pembeni." Mama Zaituni alisimama, viatu vimejaa udongo, nikadhani atatukana. Akasema, "Bibi, leo niko peke yangu?" Bibi akatega kichwa. "Peke yako, mwanangu. Pole." Yule mama akakaa kizingitini akalia, na Bibi akamshika mkono, na mtoto wangu akamshika kidole. Sikuondoa mkono wa mtu yeyote.

Basi jibu langu ndilo hili. Bibi haendi Kibondo. Akikaa kwenye chumba kile, bila mlango wa kukaa, bila mtu wa kumwitikia, yote yaliyomo ndani mwake yatazunguka humo bila pa kutokea, na hapo ndipo atakapokuwa kile wanachomwita. Jikoni simwachii, wala kisu. Mtoto namwachia, nami nakuwa hatua chache tu. Wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu, lakini anayeamka nao asubuhi ni mimi. Baba Shukuru nimemwambia hivyo hivyo, naye yuko machimboni huko, amekubali.

Usinikasirikie sana. Nakupenda, na usiku nikichoka hamu yangu ni wewe. Salamu kwa shemeji na watoto. Ukipata mtu anayekuja huku, nipe hivi:

Nyuzi za sweta, hata zilizotumika, rangi yoyote.

Sindano nene ya kushonea magunia, hii imepinda.

Kandambili za Bibi, mguu mmoja umevimba, uchukue kubwa.

Sweta la mtoto anayeanza kutembea.

Betri za redio, zile kubwa.

Na neno lako kwa Mjomba, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba kile chumba cha nyuma aweke mahindi.

Ni mimi, mdogo wako.